Jiwe Lililonyimwa Maji

Otmari alikuwa na mdogo wake, Gaudensi, na jambo hilo peke yake lilitosha kumnyima raha. Vingine vyote alikuwa navyo. Alikuwa na mke mwenye akili, watoto wasiougua ovyo, shamba la mahindi lenye udongo mzuri, na mikono yenye nguvu ambayo vijana waliionea gere. Alikuwa pia na korongo la mawe. Niseme vizuri: alikuwa na nusu ya korongo, kwa sababu nusu ya pili ilikuwa ya mdogo wake. Mtu mwingine angeshukuru kwa ile aliyopewa. Otmari aliitazama ile aliyoikosa.

Korongo hilo waliachiwa na baba yao, Mzee Kapinga, kule milimani kusini, mahali ambapo kijito kimeukata mlima hadi tumbo lake likaonekana. Jiwe la pale ni jeusi, nalo limelala tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye sahani ya wageni. Ukilipasua kwa utaratibu hutoka mabamba mapana, membamba, yaliyonyooka. Watu wa nchi ile huyatandika sakafuni, huyatia kwenye ngazi za kanisa, na hufunikia makaburi ya wapendwa wao.

Lakini jiwe lile lina tabia yake. Likitolewa ardhini huwa bichi. Limezoea giza na unyevu, na jua likilipata ghafla hupasuka, kisha hubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, mwisho huwa unga. Ndiyo maana wachimbaji wa pale hulinywesha. Hulifunika kwa magunia, hulimwagia maji asubuhi, mchana na jioni, mpaka lizoee hewa kidogo kidogo na kukauka bila kuumia. Kulinywesha jiwe si kazi ya nguvu, wala si kazi ya maarifa. Inataka mtu akumbuke tu, na apende kukumbuka.

Kulipasua ndiko kunakotaka watu wawili. Mmoja hushika tindo na kulielekeza kwenye mshono wa tabaka, mwingine hupiga nyundo. Jiwe likifunguka huzaa mabamba mawili yaliyokuwa yamelala uso kwa uso. Mzee Kapinga aliwajua wanawe, basi akaweka sheria ili wasije wakagombana: mwenye nyundo achukue bamba la juu, mwenye tindo achukue la chini. Alipoona siku zake zinakwisha, alimwita Otmari achague kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Otmari akachagua nyundo kabla baba hajamaliza kusema. Nyundo ndiyo inayosikika hadi ng'ambo ya kijito, na bamba la juu mara nyingi hutoka safi zaidi. Gaudensi akapokea tindo, akashukuru. Hata ile shukrani ilimuudhi kaka yake.

Otmari alikuwa na kijiba cha roho, na kilikuwa cha siku nyingi. Ukimtazama usingejua. Alicheka na mdogo wake, alikula naye, alimsaidia kuezeka nyumba. Hakuwahi kumtolea neno baya. Hakumwambia mke wake yaliyomo moyoni, hakumwambia padri, hakumwambia rafiki yeyote. Aliyameza. Alimeza ile Krismasi baba alipowanunulia mashati, la Gaudensi likawa na mifuko miwili na lake mfuko mmoja. Alimeza siku padri mgeni alipowakuta njiani, akampa mkono Gaudensi kwanza akidhani ndiye kaka. Alimeza siku ile shangazi yao alipokuwa hoi kitandani, akaomba maji kwa kulitaja jina la Gaudensi, ilhali aliyemshikia kikombe midomoni alikuwa Otmari. Mambo madogo, utasema. Ni madogo kweli. Yalikuwa yamepita miaka mingi, na wengine wote walikwisha kuyasahau.

Siku moja ya kiangazi ndugu hao wawili walikuwa wanafanya kazi chini kabisa ya korongo, kwenye jiwe ambalo hata baba yao hakuwahi kulifikia. Gaudensi akaweka tindo. Otmari akapiga. Jiwe likafunguka taratibu, na ndani yake alikuwa amelala mdudu.

Nasema mdudu kwa kukosa neno. Urefu wake ulikuwa wa kidole cha kati. Hakuwa na mfupa, hakuwa na gamba, hakuwa na hata jino. Alikuwa laini kutoka kichwani hadi mkiani, mfano wa konokono aliyevuliwa nyumba yake. Lakini mwili wake wote ulikuwapo. Macho yake mawili meusi yalikuwapo, yanang'aa. Utumbo wake ulikuwapo, mwembamba kama uzi, na ndani yake kidoa cha kitu alichokula mara ya mwisho. Ubavuni palikuwa na nyuzinyuzi za kupumulia, zimepangana kama meno ya kitana. Kiumbe ambacho kikifa leo, keshokutwa hukioni tena, kilikuwa kimelala pale kama kilichojinyoosha tu baada ya kula.

Na kilikuwa kimelala kwenye bamba la chini. Kwenye bamba la juu ilibaki alama yake, umbo lililopauka, kama inavyobaki alama ya kiganja kwenye unga. Otmari alitazama bamba lake, akatazama la mdogo wake, akatazama tena lake. Hakuna aliyemdhulumu. Nyundo aliichagua mwenyewe, na bamba la juu alilitaka mwenyewe. Alitafuta mtu wa kumlaumu, akamkosa, na roho ikamuuma vilevile.

Gaudensi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Kaka, hebu njoo uone! Njoo uone tulichopata!"

Habari zilienea haraka. Watu walikuja wakitoka kanisani, wakitoka shuleni kuchukua watoto, wakitoka gulioni na vikapu vyao kichwani. Walivuka kijito kwa kuruka mawe, wakalipita bamba la Otmari, wakachuchumaa mbele ya bamba la Gaudensi. "Gaudensi, tuonyeshe huyo mdudu wako," walisema. Naye kila mara alijibu, "Ni wetu na kaka. Aliyepiga nyundo ni yeye." Hapo watu walimgeukia Otmari, wakamtikisia kichwa kwa heshima, kisha wakarudisha macho kwa mdudu. Kule kutikisiwa kichwa kulimuuma Otmari kuliko ambavyo kusahaulika kungemuuma. Alionekana kama mtu aliyeshikilia ngazi ili mwingine apande.

Mama mmoja mtaalamu wa mawe, Kokugonza kwa jina, kutoka chuo kimoja cha mjini, alikuwa wilayani kwa shughuli nyingine. Alisikia maneno ya watu, akaja. Alipiga magoti kwenye tope na sketi yake nzuri, akatoa kioo cha kukuzia, akamchungulia mdudu hadi watu wakaanza kuulizana kama anaumwa. Alipoinua uso macho yake yalikuwa na machozi. Alisema kiumbe kile hajapata kukiona mahali popote, na hajui kama yupo aliyepata kukiona. Alisema atarudi baada ya juma moja na sanduku na gundi maalumu, maana gari lake dogo na barabara ile ya mashimo vingekivunja. Mpaka hapo mabamba yote mawili yasisogezwe, na yanyweshwe bila kukosa. "Likikauka tumempoteza," alisema, "na sidhani tutampata mwingine." Kisha akaongeza kwamba kiumbe kikifika mjini kitawekwa ndani ya kioo, na chini yake litaandikwa jina la mwenye bamba. Alisema hivyo akimtazama Gaudensi.

Gaudensi hakuwahi kuona jina lake limeandikwa popote isipokuwa kwenye cheti cha ubatizo. Siku hiyo alirudi nyumbani akitabasamu peke yake njiani, na mkewe akamcheka.

Kabla mtaalamu hajaondoka, mtu mmoja alimuuliza imekuwaje kitu kisicho na mfupa kikadumu hivyo, wakati ng'ombe mzima akifa porini haubaki hata ukwato. Mama yule akaeleza kwa maneno mepesi. Alisema zamani ambazo akili haizifikii, pale palikuwa na ziwa lililotulia. Chini kabisa ya ziwa hewa haikufika. Vile vijidudu vinavyoozesha maiti navyo hupumua kama sisi, basi huko chini havikuweza kuishi. Kiumbe kilipokufa kilizama taratibu, tope laini likakifunika, hakuna samaki aliyekidonoa, hakuna wimbi lililokigeuza. Tope likaja juu ya tope, likagandamana, likawa jiwe. "Kama upepo ungeingia kidogo tu," alisema, "tusingeona kitu leo. Kingeoza, na ingekuwa ndiyo salama yake na mwisho wake." Otmari alisikiliza kwa makini kuliko wote. Alielewa kila neno, akadhani ni habari za mawe.

Siku mbili tatu zikapita, ndugu wakinywesha mabamba kwa zamu. Kisha asubuhi moja Gaudensi akaja nyumbani kwa kaka yake, amevaa shati la msibani. Baba mkwe wake alikuwa amefariki ng'ambo ya milima. Msiba wa ukweni hautumiwi mtu. Ni lazima uende kwa miguu yako, ushike jembe, uonekane.

"Pole sana, mdogo wangu," Otmari alisema. "Nenda ukamzike mzee."

Gaudensi alisita mlangoni. "Na jiwe, kaka?"

"Jiwe lako si ndilo langu? Nenda."

Gaudensi akaenda na mkewe, na moyo wake ulikuwa mwepesi kadiri moyo wa mfiwa unavyoweza kuwa.

Sasa nisimsingizie Otmari. Alipojibu vile hakuwa amepanga jambo. Alichukua ndoo, akashuka korongoni kwa nia ya kunywesha mabamba yote mawili. Alimwagia la kwake kwanza. Kisha akainua gunia la pili, akamwona mdudu anamtazama kwa yale macho yake mawili, akaona na kioo cha mjini, na chini ya kioo jina. Akarudisha gunia. Akajiambia bado ni mapema, atamwagia baadaye. Halafu akaona ni heri bamba lake akaliweke nyumbani, lisije likakanyagwa na mbuzi. Alilifunga kwenye gunia lililolowa, akalibeba hadi kwake, akalilaza ndani ya beseni la kuogeshea watoto, akalijazia maji. Lile la Gaudensi hakulibeba. Mtaalamu si alisema yasisogezwe?

Adhuhuri jua lilikuwa kali. Otmari alikumbuka lile jiwe, akasema atashuka likipoa. Jioni alipata kuku wa kukimbiza. Kesho yake alimwagilia kabichi zake zilizo kando ya kijito, akipita na ndoo iliyojaa hatua chache tu kutoka kwenye lile gunia lililokwisha kukauka na kukakamaa. Hakuligusa. Alijirudia mwenyewe neno hilo, kwamba yeye hakuligusa, na kila alipojirudia aliona kifua kinapata nafuu. Hakulipiga nyundo, hakulitupa, hakulitemea mate. Kesi ingeitwa leo, angeapa mbele ya hakimu kwamba hakufanya kitu, na angekuwa anasema kweli.

Alikuwa katikati ya matuta ya kabichi alipolisikia jiwe. Lilitoa mlio mdogo, kama sufuria tupu inapopoa jikoni. Otmari akasimama. Ndoo ilikuwa mkononi, nayo ilikuwa imejaa pomoni. Ufa mmoja bado si kitu, kila mchimbaji wa pale anajua. Ukiwahi na maji jiwe hujifunga tena likatulia. Alisimama akasikiliza. Upepo ulipita, ndege wakalia, kijito kikaendelea na safari zake. Kisha ukaja mlio wa pili, na wa tatu ukaufuata karibu. Otmari akaihamisha ndoo mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umechoka, akaenda kumalizia matuta yaliyobaki.

Nyumbani mke wake, Skolastika, alitaka kuogesha watoto. "Baba Imelda, beseni langu limewekewa nini?"

"Bamba langu. Linakunywa."

"Na la shemeji?"

"Liko korongoni."

"Sikuuliza liko wapi. Nauliza linakunywa?"

"Mwanamke, wewe ogesha watoto."

"Niwaogeshee kwenye nini?" alisema Skolastika. Alijitwisha ndoo ya maji mwenyewe, akashuka korongoni. Alirudi bado jua halijazama. Ndoo ilikuwa kichwani, na maji yalikuwa yamejaa vilevile. Aliitua pembeni ya mlango, akaingia jikoni, na tangu jioni ile alizungumza na mumewe mambo ya chumvi na kuni tu.

Gaudensi alirudi siku ileile aliyotarajiwa mtaalamu. Hakupitia nyumbani kwake. Alishuka moja kwa moja korongoni na vumbi la safari miguuni, akainua gunia. Bamba lilikuwa limejikunja kingo na kubanduka magamba magamba. Mahali alipolala mdudu palikuwa na vipande vyembamba vyeusi, vidogo kuliko kucha. Alijaribu kuvikusanya kwa viganja, vikawa unga. Alitafuta jicho hata moja. Upepo ukapita, ukachukua sehemu yake. Gaudensi akaketi chini akalia kwa sauti, kilio kilekile alichokuwa amekilia kwenye kaburi la mkwe wake, wala hakuona haya.

Otmari alikuwa ameshuka nyuma yake, na alikuwa na maneno tayari. Alikuwa ameyapanga vizuri: homa ilimshika, mbuzi walivuta gunia, kijito kilipungua maji. Alingoja kuulizwa. Lakini Gaudensi alifuta uso kwa mkono wa shati, akasema, "Jua la mwaka huu halina huruma, kaka. Hata ungelimwagia vipi." Uongo wa Otmari ukabaki mdomoni bila kazi. Hilo nalo lilimuudhi. Alijiandaa kusamehewa kwa hoja, akasamehewa bure.

Mama Kokugonza alipofika alipiga magoti mbele ya ule unga mweusi. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu asiyetumaini kitu, "Na lile la juu?" Hapo Otmari akaenda nyumbani, akarudi amebeba beseni kwa mikono miwili, kama wanavyobeba sadaka siku ya mavuno. Bamba lilikuwa zima. Mtaalamu akamshika mkono, hakuuachia. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba ameokoa jambo kubwa. Alisema jinsi kiumbe kile kilivyoona, kilivyopumua na kilichokula hakuna atakayejua kamwe, kwa maana hayo yote yalikuwa kwenye bamba la chini; lakini umbo lake wanalo, na wanalo kwa sababu ya mtu huyu. Akampiga picha. Akaandika jina lake kwa herufi kubwa kwenye sanduku. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi, na Gaudensi, macho bado mekundu, alipiga makofi kuliko wote.

Otmari akasimama kando ya gari akangoja utamu. Ulikuja, sitaki kusema uongo. Alihisi kifua kimepanuka, akawaona watu wote wafupi. Kisha gari likaondoka na sanduku, na vumbi likatua barabarani.

Katika nchi ile mtu aliyepoteza kitu haachwi peke yake. Gari lilipopotea machoni, watu walijikusanya wakaelekea kwa Gaudensi. Walisema huyu ametoka kwenye msiba mmoja akaingia mwingine, na hajatia kitu tumboni. Mmoja alikwenda na unga, mwingine na ndizi, mwingine na kuni. Walitandika mikeka barazani. Skolastika aliepua sufuria ya maharage kwenye jiko la mumewe, akaifunika, akajitwisha, akaenda nayo huko bila kuaga.

Otmari akabaki nyumbani na beseni tupu. Kutoka barazani kwa mdogo wake alisikia wameanzisha wimbo wa kanisani, ule wa polepole. Alisikia pole zinatolewa moja baada ya nyingine, na katikati yake kicheko kidogo, maana alikuwapo mtu anayejua kumchekesha mfiwa. Na hapo, ndugu zangu, akaona wivu. Naam, alikuwa na jina lake kwenye sanduku, alikuwa na picha, vigelegele bado vilikuwa masikioni mwake, naye akaona wivu wa msiba. Alijiambia sifa zake zimeondoka na gari, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuketi naye. Alijiambia Gaudensi hata akipoteza hupata. Alifikiri kidogo, akainuka, akafunga mlango, akaenda.

Alipofika kwenye baraza ya mdogo wake akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa kuliko mwenye msiba, akijipiga kifua, na machozi yakamtoka ya kweli, hata mwenyewe akashangaa. Alitaka watu wageuke wamwone. Wakageuka. Wimbo ukakatika. Bibi mmoja mtu mzima, Bibi Adela, jirani wa familia ile tangu enzi za Mzee Kapinga, alimtazama Otmari, mashavu yakamlowa naye. Kisha akamshika Gaudensi mkono.

"Mwanangu," alimwambia, "wewe ni mtu wa heri. Umepoteza jiwe, lakini una ndugu wa kukulilia namna hii."

Na watu wote wakamtazama Gaudensi kwa upendo. Walitikisa vichwa, wakasema ni kweli, ndugu wa namna ile ni adimu siku hizi, Gaudensi amebarikiwa. Skolastika peke yake aliinama, akaendelea kugawa maharage. Gaudensi akainuka, akamkumbatia kaka yake, akampisha kwenye kigoda chake mwenyewe, yeye akaketi chini. Otmari akakaa juu ya kigoda kile, akapewa sahani iliyojaa, na hakuonja utamu wowote, kwa sababu hata machozi yake mwenyewe yalikuwa yamekwenda kwa mdogo wake.

Haya, ninyi mlionisikiliza, niambieni: mtu anayemwonea ndugu yake wivu hata wa kilio, mtampa nini ashibe?